Binti yangu amefunga Biblia na karatasi ya kaki akaandika "Pre-Technical" juu yake

FundiWaDonholm
Wasee habari ya jioni. Huku nimekuwa nikisoma tu, huu mwaka wa tatu, sijawahi anzisha uzi kwa hivyo mnivumilie ikikuwa ndefu.

Mimi ni baba wa wawili, tunakaa Donholm, kazi yangu ni stima, navuta waya kwa nyumba za watu na viwanda vidogo huko Industrial Area. Kanisa tunaenda, mama watoto ako kwaya, mimi nakaa viti vya nyuma lakini niko. Mkubwa wetu ni msichana wa miaka 13, ako gredi ya 8, shule ya kutwa. Huyu ndo amekuwa akituombea chakula tangu akiwa na miaka 4, na akianza jua ugali itapoa, ataombea shosho, ataombea majirani, ataombea mpaka paka ya majirani.

Sasa Jumapili usiku nilikuwa natafuta kalamu nimwandikie mteja bei ya kazi, nikaingiza mkono kwa begi yake ya shule. Nikatoa kitabu kimefungwa kaki, kazi safi kabisa, kona zimekunjwa na selotepu imepita juu, ameandika jina, gredi, alafu "Pre-Technical Studies", lile somo lao la mambo ya ufundi, chini yake mstari wa rula mara mbili. Nikajiuliza hii Pre-Tech imenenepa lini. Kufungua, ni Biblia. Ile mimi mwenyewe nilimnunulia alipomaliza gredi ya 6.

Nimekaa na hicho kitabu mkononi mpaka chai ikapoa. Kwanza nikaskia hasira, alafu hasira ikaisha nikabaki na kitu siwezi eleza. Nikarudisha vile nilipata.

Hapo ndo nikaanza kukumbuka mengine. Juzi aliniomba nimpeleke bathdei ya mwenzake kwa moli, sisi wazazi tulikaa meza ya kando, chakula ikaletwa, nikamwona ameangalia kushoto, akaangalia kulia, akachukua chipsi. Na mwezi uliopita alimwambia mamake akikuja kumchukua shuleni asikuje amejifunga kile kitambaa cha kanisa, ati "ni joto mum." Mwezi wa saba. Nairobi. Joto.

Kitu sielewi ni hii: hapa kwetu kila kona ni kanisa. Kwa barabara yetu tu ziko tatu, moja ya mabati ikifanya kesha Ijumaa spika zinaangalia dirisha langu. Sensa ya 2019 ilisema Wakristo ni zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya. Sasa mtoto anaonea nani haya? Na mimi nifanyeje, nimwambie nimeona, nitoe hiyo karatasi, ama ninyamaze?

MtuWaKayole
Kwanza huyo mtoto ni smati, tisha wa Pre-Tech akisema toeni vitabu atatoa nini sasa 😂😂

MlinziWaLango
Ndugu hapa hakuna kuzungushana. Karatasi itoke leo leo. Marko 8:38 imesema wazi, atakayemwonea haya Yeye na maneno Yake na Yeye atamwonea haya siku ile. Unangoja nini? Mtoto akiona umenyamaza atajua ni sawa. Leo ni karatasi, kesho atasema hakujui wewe pia. Watoto wa siku hizi tumewabembeleza sana.

MamaWaKariobangi
Mzee wa Donholm naomba nikuulize kitu pole pole. Wewe umeona karatasi. Mimi kwa hiyo stori yako nimeona Biblia. Gredi ya 8 wako na masomo tisa, hiyo begi mimi nimejaribu kuibeba ya wangu nikaskia mgongo, na bado ameongeza kitabu kama tofali ndani. Si angeiacha nyumbani tu? Angeiacha chini ya kitanda hakuna mtu angemcheka na wewe hungejua kitu. Mtu ambaye hataki kitu hakitafutii karatasi na selotepu.

Sisi ni Wakatoliki, nisamehe kama mistari yangu si mingi kama ya ndugu hapo juu, lakini nakumbuka Nikodemo. Alimwendea Yesu usiku, juu alikuwa mtu mkubwa na aliogopa kuonekana. Na Yesu hakumwambia rudi ukuje mchana. Alimpatia kiti wakaongea. Alafu ile siku mitume wametoroka karibu wote, nani alikuja mchana kweupe na manemane na udi ratli mia kuzika mwili? Ni huyo wa usiku, na mwenzake Yusufu wa Arimathaya ambaye Yohana amesema alikuwa mfuasi kwa siri kwa kuogopa. Hawa waliokuwa wamefunika na kaki ndo walibaki.

Kwangu hii kitu inatokea Jumatano ya Majivu. Kijana wangu wa kwanza alikuwa anapakwa asubuhi, tukifika steji tayari paji la uso linang'aa, amepangusa na mkono wa sweta. Nilikuwa nagombana. Siku moja nikaangalia mkono wa sweta, majivu iko hapo yote, nikaambia roho yangu basi ameenda nayo shule, tofauti ni mahali ameiweka.

MlinziWaLango
Mama hiyo ni kutetea dhambi kwa maneno matamu.

MamaWaKariobangi
Sawa baba. Wako wana miaka mingapi?

MlinziWaLango
Wa kwanza ana miaka 3.

MtuWaKayole
😂😂😂 Tukutane 2035

SinaDini
Mimi siamini na nitajaribu kuongea na heshima. Kuna kitu hakuna mtu amesema, labda mtoto hana aibu, labda ana maswali. Watu mnasahau 2023 hii nchi ilifukua zaidi ya miili 400 Shakahola, watu wamefunga mpaka kufa wakingoja kumwona Yesu, watoto ndani. Hawa watoto wetu waliona hiyo habari kwa TV kila jioni. Huko darasani mtu akisali kidogo sana anaambiwa "wewe ni wa Shakahola." Mimi nimeskia hiyo na masikio yangu kwa matatu, watoto wa sare. Kabla umsaidie asione haya, hakikisha kwenu nyumbani anaweza kusema "baba hii siamini" na bado apate chakula. Kama hawezi kusema hapana, ile ndio yake utaijuaje?

FundiWaDonholm
@SinaDini nimekuskia na si vibaya. Lakini nikuambie kitu, ule utepe wa Biblia ulikuwa kwa Zaburi, na kuna mahali amepiga mstari na kalamu ya pinki. Anaisoma. Ndo maana hata mi nimechanganyikiwa, kama hangekuwa anasoma ningekuwa na shida moja ya kawaida.

@MamaWaKariobangi umenipiga hapo kwa begi. Asante.

TishaWaJunia
Nafunza junia, gredi ya 7 mpaka ya 9, Kiswahili na dini, shule sitasema. Wacha niwaambie vile iko huko ndani juu wazazi wengi wanakisia.

Hakuna mtoto anachekwa kwa kuwa Mkristo. Karibu wote ni Wakristo, hata yule anacheka wengine Jumapili amevalishwa suti anaenda. Kinachochekwa ni kuonekana unaichukulia kwa uzito. Ukijua mistari, ukikataa kuimba wimbo fulani kwa basi ya trip, ukisema "hiyo ni dhambi" mara moja tu, umepata jina: Pasi, mokoka, mama mchungaji. Na jina la gredi ya 7 litakufuata mpaka umalize ya 9, mimi nina kijana anaitwa "Kesha" mpaka na mwalimu wa zamu, jina lake la kweli nalikumbuka tu kwa rejista.

CU yetu, ile Christian Union ya wanafunzi, inakutana Ijumaa wakati wa chakula, darasa ya mwisho karibu na choo, madirisha hayana pazia. Wale wa nje wanachungulia wakiigiza vile watu wanafunga macho. Muhula wa kwanza nilikuwa na watoto sita, na wawili walikuwa wanapitia nyuma ya choo ndo wasionekane wakiingia kwa mlango. Niliwaza niwaambie wapitie mbele. Sikusema. Nilichofanya ni kubadilisha, badala ya kuanza na maombi tukaanza na maswali, kila mtu anaandika swali kwa kikaratasi bila jina. Maneno yaliyotoka hapo mchungaji wako angeomba maji. Sahii wako zaidi ya ishirini na wale wa kuchungulia watatu wameingia, ati wanataka kuskia maswali.

Kwa hivyo ushauri wangu, usitafute mahubiri ya kumpa, mtafutie rafiki mmoja. Mmoja tu. Mtoto wa 13 peke yake dhidi ya darasa ni ngumu hata kwa mtu mzima, lakini wakiwa wawili wanacheka wale wanaowacheka. Nimeiona mara nyingi sana.

MamaWaKariobangi
Tisha umenikumbusha Mtakatifu Kizito, mmoja wa mashahidi wa Uganda. Kizito alikuwa na kama miaka 14 walipomchoma Namugongo tarehe 3 Juni 1886, mdogo kuliko wote, na Karoli Lwanga, kiongozi wao, alikuwa amembatiza siku chache tu kabla. Na inasemekana Lwanga alimwambia nitakushika mkono. Hata mashahidi walishikana mikono, sasa huyu wetu tunataka asimame peke yake kantini.

DemWaUthiru
Niko na miaka 20 wacha niongee kama mtoto wa uzi huu. Mathe alikuwa anahubiri kwa mathree. Ile ya kusimama hapo mbele gari ikitoka steji, "Bwana asifiwe wasafiri", alafu sadaka ya mwisho. Mimi niko kiti ya dirisha na sare ya shule, nimejifanya nimelala. Miaka miwili. Watu waliamini mimi sipendi Yesu. Hapana bana, Yesu nilikuwa nampenda, nilikuwa naona haya ya ile sauti mathe alikuwa anatoa, nyumbani haongei hivo! Nyumbani ako na sauti ya mtu.

Kitu ingine wazazi hawataki kuskia, hiyo aibu saa zingine ni yenu. Sisi tumekua tukiona mwanasiasa anaingia kanisa na bahasha, mchungaji anamwekea zulia, wiki yote ule mtu ametukana watu. 2024 tukiwa barabarani Juni kwa maandamano na hizo vitu zinaendelea, unadhani ningevaa fulana ya kanisa? Lakini nikubali pia, Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana 2021 alisema madhabahu si ya siasa, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likasema linarudisha ile pesa Rais Ruto alipatia kanisa la Soweto. Hiyo siku nilituma hiyo habari kwa grupu ya familia. Mathe akaniuliza kwani umeokoka tena 😭 nikamwambia sikuwahi toka.

Kwa mzee wa uzi: usimpatie speech. Please. Speech tunajua.

AbuMaryam
Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni Mwislamu wa South C, nimeingia huu uzi kwa sababu kichwa chake kimenichekesha, nikabaki kwa sababu kimenigusa.

Ndugu yangu, binti yangu hana karatasi ya kaki. Hijabu iko kichwani, kila mtu anaiona kutoka mbali. Alipoanza gredi ya 7 aliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine ya ugaidi, na walioita walikuwa watoto wa watu wazuri tu, majirani zetu. Alilia wiki ya kwanza. Mamake hakumwambia jikaze. Alimkalisha jikoni wakawa wanakata vitunguu, akamwambia leo mimi ni mwanafunzi mwenzako, nitakuuliza mambo mabaya yote, wewe nijibu. Wakacheza hivyo kila jioni mpaka mtoto akawa anacheka. Alipoulizwa shuleni tayari alikuwa amejibu mara hamsini na vitunguu. Mtoto haoni haya kwa kitu anachokijua, anaona haya pale anapoulizwa na kubaki mdomo wazi.

Jambo la pili naomba usinichukulie vibaya. Mimi nina duka. Adhuhuri ikifika natandika mkeka pale nyuma ya magunia ya mchele, wateja wangu Wakristo wanajua wanangoja dakika tano. Binti yangu amekua akiona hivyo. Wewe fundi, ukiwa kazini, binti yako amewahi kukuona ukiomba wapi?

FundiWaDonholm
Nimesoma hiyo swali ya Abu nikazima simu. Nimerudi saa nne baadaye.

Wacha niseme ukweli. Mchana tunakula kwa kibanda, mafundi kama kumi, benchi moja ndefu, chapati madondo. Mimi huwa naomba, lakini nimetengeneza njia yangu: naweka vidole kwa paji la uso kama mtu anakuna, macho chini, sekunde tatu, nimemaliza. Nimefanya hivi miaka kama nane. Nilikuwa najiambia ni heshima, kila mtu na dini yake.

Likizo ya Agosti nilienda na huyu msichana saiti, alitaka kuona kazi. Tukakaa kwa hiyo benchi. Nikafanya ile yangu. Akaniangalia akaniuliza, kwa sauti, mbele ya watu, "Baba unaumwa na kichwa?" Nikasema eeh, ni jua.

Mafundi walicheka nikacheka. Sasa ndo nimeelewa karatasi ya kaki ilitoka duka gani.

MtuWaKayole
Aiii. Nilikuja kucheka tu huku jameni.

MjukuuWaMhonoki
Mzee usijichape sana. Mimi shosho yangu wa Murang'a alikuwa mhonoki, wale wa uamsho uliotoka Rwanda ukafika kwetu 1937, wenye kuimba Tukutendereza mpaka leo. Wakati wa hali ya hatari, baada ya 1952, hao watu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali, kwa hivyo walichukiwa pande zote mbili na kuna waliouawa. Shosho alikuwa anatusimulia akiwa anachambua maharagwe, hakuwa anapandisha sauti.

Sasa baba yangu alichukua hiyo stori akaifanya fimbo. Kila tukikataa kwenda kanisa, "shosho yako alikataa kiapo na wewe unashindwa na baridi ya asubuhi." Tuko ndugu wanne na watatu hawaendi kanisa mpaka leo. Stori ilikuwa tamu kwa mdomo wa shosho juu alikuwa anasema na vile aliogopa. Baba alitoa hiyo sehemu ya kuogopa akabakisha ushujaa. Shosho alisema usiku wa kwanza alijificha kwa shamba la migomba na akamwambia Mungu hataki. Hiyo ndo mimi nilishika.

Kwa hivyo hiyo stori yako ya kukuna kichwa, mwambie mtoto. Hiyo ina kazi kuliko mistari kumi.

MlinziWaLango
Nakubali na hii ya mwisho. Bado nasema karatasi itoke.

FundiWaDonholm
Nimerudi, zimepita siku tisa.

Sikusema kitu juu ya Biblia. Jumamosi nilikuwa na kazi ndogo huko huko, nikamwambia twende unibebee tochi. Saa ya kula tukakaa kwa ile benchi. Wasee niliskia mikono inatoka jasho, mtu mzima wa miaka 41, ni kama naenda kuomba mkopo. Chakula ikaletwa nikafunga macho, nikasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kuskika, "Mungu asante kwa hii chakula na kwa mikono ya mama aliyepika, na utulinde na stima, amina." Nikafungua macho. Nikitarajia sijui nini. Fundi wa bomba mkono wangu wa kushoto, mtu wa matusi sijawahi ona, ako na chapati kwa mdomo akasema "amina, na stima imelinda watu wachache sana hapa, rudia hiyo sehemu." Mama wa kibanda akaniongezea supu. Ndo hiyo tu. Miaka nane nilikuwa naogopa hiyo.

Binti aliinama kwa sahani, masikio nyekundu. Sikujua kama ni aibu ama anacheka.

Tukirudi tulitembea juu mvua ilikuwa imesimamisha magari Jogoo Road. Nikamwambia, unakumbuka ile siku uliniuliza kama naumwa na kichwa? Nilikuwa naomba. Nilikuwa naona haya. Akanyamaza mpaka tukafika karibu na steji, alafu yote ikamwagika mara moja: kuna kijana kwa darasa lao, anasoma sana, anaheshimiwa, alimwona na Biblia kwa dawati akasema mbele ya wote "hizo ni hadithi za wazungu, walikuja na hicho kitabu ndo waibe mashamba." Darasa ikacheka. Na yeye hakuwa na jibu. Akaniambia, "Baba sikuona haya ya Mungu, niliona haya juu sikujua kitu ya kusema, na nikafikiria labda ni ukweli."

Abu, ulisema mdomo wazi. Ni hiyo kabisa.

Sasa shida, na mimi sikuwa na jibu. Nikamwambia sijui, lakini nitauliza watu. Nyinyi ndo watu. Nisaidieni.

MuuzaVitabuNgara
Nauza mitumba ya vitabu, nasoma kabla niuze, hii naweza.

Kwanza mwambie binti yako kwamba huyo kijana hajasema uongo wote. Wamisionari wengine na walowezi walikula meza moja na mashamba yalienda, akikataa hiyo atakuwa anadanganya na watamshika. Akubali hiyo sehemu kwanza, ndo wengine wamskize.

Alafu amuulize: mzungu gani? Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, kanisa la Rabai likaanza 1846. Hiyo ni juzi. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia hapo juu yetu, alikuwa Mkristo karne ya 4 na alipiga msalaba kwa sarafu zake. Augustino ambaye hao wazungu wote wanamsoma alizaliwa Thagaste mwaka 354, hiyo ni Algeria ya leo. Perpetua na Felista waliuawa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203, na Felista alikuwa mtumwa aliyetoka kujifungua. Aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba ni Simoni wa Kirene, hiyo ni Libya.

Na nyumbani msome pamoja Matendo 8. Mkushi yuko kwa gari lake anasoma Isaya kwa sauti barabarani, Filipo anamuuliza kama anaelewa, na yeye, waziri mzima wa malkia, anasema nitaelewaje mtu asiponiongoza. Mwafrika amesoma hicho kitabu kabla Paulo aandike barua hata moja. Na hakuona haya kusema haelewi. Hiyo ndo ningempa msichana, zile tarehe zingine ni za kushinda mabishano tu.

TishaWaJunia
Naiba hii kwa CU Ijumaa. Na mzee, huyo kijana wa wazungu na mashamba usimfanye adui. Hao ndo wakiingia wanakaa.

SinaDini
Sijabadilika lakini muuza vitabu heshima. Duka iko wapi?

MuuzaVitabuNgara
Kando ya barabara, ulizia mwenye mwavuli ya kijani. Kwako Augustino ni mia mbili.

AbuMaryam
Fundi, usisahau vitunguu.

FundiWaDonholm
Vitunguu vimekatwa. Mimi ndo nilikuwa yule kijana, na nilikuwa mbaya, mpaka mdogo wake akaniambia "baba wacha kuonea." Mara ya kwanza alikwama kwa Ezana akasema Ezekieli. Mara ya tatu akaniambia "sehemu ya mashamba ni ukweli, tuongee ile ingine," nikakosa la kusema, mamake akanicheka akatoka jikoni.

Shuleni sijui kama amemjibu. Sijauliza na yeye hajasema. Biblia bado iko na kaki, niliona asubuhi akifunga begi, na aliniona nikiona. Hakuna mtu alisema kitu.

Lakini jana jioni nikitoka kazi alinipigia, baba ukipita supamaketi niletee karatasi ya kaki. Nikamuuliza moja? Akasema mbili, ya pili si yangu, kuna msichana tunakaa naye anataka kufunga yake pia.

MlinziWaLango
Ya nini tena???

MamaWaKariobangi
😭😭 Nunua roli nzima mzee. Na selotepu.